Kipimo cha Upungufu: Historia ya Sayansi ya Kuunyima Mwili Hewa na Damu

Tarehe 13 Oktoba 1968, Ron Clarke wa Australia alivuka mstari wa mwisho wa mbio za mita 10,000 mjini Mexico City akiwa wa sita, akaanguka papo hapo, na ikabidi awekewe kinyago cha oksijeni. Huyu hakuwa mkimbiaji wa kubahatisha. Miaka mitatu kabla alikuwa amekimbia umbali huohuo kwa dakika 27 na sekunde 39.4, na rekodi hiyo ya dunia ilikuwa bado yake. Siku hiyo mshindi alikuwa Naftali Temu, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Naye Temu alihitaji dakika 29 na sekunde 27.4.

Wiki moja baadaye, tarehe 20 Oktoba, Kipchoge Keino alimwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu sekunde tatu nzima katika mita 1,500. Amos Biwott alikuwa ameshatwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji, na Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda marathoni. Kwingineko katika uwanja uleule mambo yalikwenda kinyume kabisa. Bob Beamon wa Marekani aliruka chini umbali wa mita 8.90, rekodi iliyodumu hadi 1991, na wakimbiaji wa masafa mafupi nao wakavunja rekodi moja baada ya nyingine.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa hewa. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina sehemu ileile ya oksijeni kama hewa ya Mombasa au Tanga, karibu asilimia 21, lakini mgandamizo wake ni mdogo, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Anayekimbia sekunde kumi hufaidika, kwa sababu hewa nyepesi haimzuii sana na misuli yake hutumia akiba iliyonayo tayari. Anayekimbia dakika kumi na zaidi hulipia kila hatua.

Baada ya michezo hiyo dunia ilitoa hukumu ya haraka: watu wa nyanda za juu wamezaliwa na ushindi, na anayetaka kuwashinda akaishi mlimani. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini ya utafiti kuonyesha kwamba hukumu hiyo ilikuwa na ukweli nusu tu. Katika sura nyingi za utafiti huo linajitokeza jina la daktari mmoja wa Marekani, James Stray-Gundersen. Alianza na hewa ya milimani, akaingia katika vita dhidi ya udanganyifu wa damu, kisha akafika kwenye mikanda ya kubana mapaja na mikono. Ukiifuata njia yake unaiona historia ya wazo moja kubwa: mwili ukinyimwa kitu kwa kipimo, hujijenga, ukinyimwa bila kipimo, huharibika.

Puto, mgodi na figo

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Olimpiki. Mjini Paris katika miaka ya 1870, mwanafiziolojia Paul Bert alijenga vyumba vya chuma ambavyo angeweza kupunguza ndani yake mgandamizo wa hewa, akaingiza humo wanyama, na mara nyingine akaingia mwenyewe. Alithibitisha kwamba kinachomdhuru mtu aliye juu ni upungufu wa mgandamizo wa oksijeni. Aprili 1875 uthibitisho huo ulipata ushahidi wa kusikitisha. Wafaransa watatu walipanda kwa puto lililoitwa Zénith hadi zaidi ya mita 8,000. Walikuwa wamebeba oksijeni, lakini walipoihitaji walikuwa wameshalegea mno kuifikia. Wawili, Crocé-Spinelli na Sivel, walikufa. Gaston Tissandier peke yake alishuka akiwa hai. Kitabu kikuu cha Bert juu ya mgandamizo wa hewa kilitoka 1878.

Bert alionyesha jinsi upungufu unavyoua. Mfaransa mwingine, François Viault, alionyesha jinsi mwili unavyojitetea. Alisafiri hadi Morococha, mji wa migodi katika milima ya Peru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, akahesabu chembe nyekundu za damu yake na ya wenzake. Mwaka 1890 alitangaza kwamba hesabu yake ilikuwa imepanda kutoka milioni 5 hadi zaidi ya milioni 7 kwa kila milimita ya ujazo, na hayo yalitokea ndani ya wiki chache tu. Mwili uliokosa oksijeni ulikuwa umeongeza wabebaji wa oksijeni.

Nani aliutuma uboho wa mifupa kutengeneza chembe hizo? Mwaka 1906 Paul Carnot na Clotilde Deflandre, huko Paris, walipendekeza kwamba kuna mjumbe anayesafiri ndani ya damu. Mjumbe huyo baadaye alijulikana kama erithropoietini, kwa ufupi EPO, homoni inayotolewa hasa na figo. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na wenzake mjini Chicago walifaulu kuitenga ikiwa safi, baada ya kuchuja maelfu ya lita za mkojo wa wagonjwa wa upungufu wa damu kutoka Japani. Namna seli zinavyotambua kwamba oksijeni imepungua ilifumbuliwa baadaye zaidi na Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin, waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

Kulala juu, kukimbia chini

Baada ya 1968 makocha wa Ulaya na Marekani waliwapandisha wanamichezo wao milimani kwa makundi. Matokeo yaliwachanganya. Wengine walirudi wakiwa wepesi, wengine wakiwa wazito kuliko walivyoondoka. Sababu iko wazi ukiitazama sasa. Hewa haba huongeza damu, lakini mtu hawezi kukimbia kwa kasi yake ya kawaida ndani yake, kwa hiyo misuli yake hupata mazoezi hafifu siku hadi siku. Mlima ulikuwa unampa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

Jawabu lilitoka Dallas, mji wa tambarare katika jimbo la Texas. Dallas ilikuwa na jina katika fani hii tangu 1966, wakati Bengt Saltin kutoka Sweden na wenzake walipowalaza kitandani vijana watano wenye afya kwa wiki tatu. Uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulianguka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watafiti wa mji huohuo, akiwemo daktari Benjamin Levine, waliwapima tena watu walewale. Waligundua kwamba wiki tatu za kitanda zilikuwa zimewadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Huo nao ni upungufu, upungufu wa kazi, na wenyewe hubomoa tu.

Levine na Stray-Gundersen walijiuliza swali jepesi: itakuwaje mwanariadha akipata upungufu wa hewa anapopumzika, na hewa tele anapokimbia? Kabla ya kulijibu, Stray-Gundersen alikuwa amegundua kikwazo ambacho makocha wengi hawakukijua. Mwaka 1992 yeye na wenzake waliripoti kwamba wakimbiaji wenye upungufu wa madini ya chuma walipopelekwa mlimani, chembe zao nyekundu hazikuongezeka. Figo zinaweza kutuma ujumbe, lakini bila chuma uboho hauna cha kutengenezea. Tangu hapo, kupima akiba ya chuma kumekuwa hatua ya kwanza ya kambi yoyote ya milimani inayoendeshwa kwa makini.

Jaribio lao kuu lilichapishwa 1997. Waliwachukua wakimbiaji 39, wanaume 27 na wanawake 12, wakawapa kwanza wiki kadhaa za mazoezi ya pamoja Dallas ili wote waanze wakiwa na hali inayolingana. Kisha wakawagawa kwa kura katika makundi matatu kwa wiki nne. Kundi la kwanza liliishi na kufanya mazoezi juu, katika milima ya Utah. Kundi la pili liliishi Deer Valley, kwenye kimo cha mita 2,500, lakini kila siku liliteremka hadi Salt Lake City, mita 1,250, kufanya mazoezi. Kundi la tatu liliishi na kukimbia karibu na bahari, San Diego. Makundi yote mawili yaliyolala juu yaliongeza chembe nyekundu kwa takriban asilimia 9, na uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni kwa asilimia 5. Lakini waliporudi tambarare kukimbia mita 5,000, ni kundi moja tu lililopunguza muda wake kwa kiasi cha kuhesabika: waliolala juu na kukimbia chini, kwa wastani wa sekunde 13.4.

Atakayeona sekunde 13 ni kitu kidogo, na akumbuke kwamba fainali nyingi za mita 5,000 huamuliwa kwa chini ya sekunde mbili. Mwaka 2001 Stray-Gundersen, Levine na Robert Chapman walirudia jaribio kwa wakimbiaji wa ngazi ya juu kabisa, na baada ya siku 27 muda wao wa mita 3,000 ulipungua kwa asilimia 1.1. Hata bila mlima, watu walianza kutafuta njia. Nchini Finland, Heikki Rusko na wenzake walikuwa wameshajenga nyumba ambazo naitrojeni iliongezwa katika hewa yake, ili mtu alale kana kwamba yuko mlimani huku akiwa katika nchi ya tambarare. Baadaye yakaja mahema ya kulalia yanayofanya kazi hiyohiyo.

Hata hivyo, watafiti wa kweli hawaishii kwenye matokeo yanayowapendeza. Mwaka 1998 Chapman, Stray-Gundersen na Levine walionyesha wenyewe kwamba si kila mwili unaitikia: wapo ambao EPO yao hupanda kidogo tu na damu yao haibadiliki. Pigo kubwa zaidi lilitoka Ulaya mwaka 2012. Christoph Siebenmann na wenzake waliwaweka waendesha baiskeli 16 vyumbani kwa wiki nne, saa 16 kila siku, baadhi yao wakipumua hewa iliyofanana na ya mita 3,000 na wengine hewa ya kawaida. Wanariadha hawakujua wako kundi gani, wala waliowapima hawakujua. Hakuna faida iliyoonekana. Swali likabaki wazi hadi leo: ni kiasi gani cha ile faida ya Deer Valley kilitokana na damu, na ni kiasi gani kilitokana na imani ya kijana aliyejua kwamba anapewa kitu cha pekee?

Iten na hesabu ya Saltin

Swali hilo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki, maana kwa miaka mingi ushindi wa majirani zetu wa Bonde la Ufa umeelezwa kana kwamba ni zawadi ya mlima. Mwaka 1990 Saltin, yuleyule wa vitanda vya Dallas, alikuja Kenya na vifaa vyake. Alipima wakimbiaji nyota, akapima na wanafunzi wa Shule ya Upili ya St. Patrick's pale Iten, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,400, akawalinganisha na wakimbiaji bora wa nchi za Skandinavia.

Matokeo yaliyochapishwa 1995 yaliwashangaza waliotarajia mapafu ya ajabu. Uwezo wa juu wa kutumia oksijeni haukutofautiana sana kati ya nyota wa Kenya na wa Skandinavia. Tofauti ilikuwa katika matumizi: Mkenya alitumia oksijeni kidogo kwa kasi ileile, na misuli yake ilivumilia kazi ngumu kwa muda mrefu zaidi kabla ya asidi kurundikana.

Kisha kuna hesabu ambayo ningependa kila mwalimu wa michezo aijue. Miongoni mwa wavulana wa nyanda hizohizo za juu, wale wasiokuwa na mazoea ya kutembea na kukimbia walikuwa na uwezo wa wastani wa mililita 47 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Wale waliozoea walikuwa na 62. Wote walizaliwa juu na kuvuta hewa ileile. Mlima ulikuwa mmoja. Kazi ndiyo iliyowatofautisha. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na dhahabu za Mexico City ziliundwa na miguu iliyokuwa kazini kila siku kwa miaka mingi.

Damu iliyouzwa

Mara tu ilipojulikana kwamba damu nyingi huleta kasi, wapo walioamua kuruka mlima na kwenda moja kwa moja kwenye damu. EPO ya kutengenezwa maabara iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Kwa wagonjwa hao ilikuwa neema kubwa, kwani iliwapunguzia haja ya kuongezewa damu mara kwa mara. Ndani ya muda mfupi dawa hiyo iliingia kwenye mbio za baiskeli na za kuteleza kwenye theluji.

Hapa Stray-Gundersen anarejea. Februari 2001, mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye theluji yalifanyika Lahti, Finland, na wanariadha sita wa nchi mwenyeji wakakamatwa kwa kutumia dawa ya kuzimua damu, inayoweza kuficha wingi wa chembe nyekundu. Yeye na watafiti wenzake walichambua vipimo vya damu vya walioshindana hapo, na ripoti yao ya 2003 ni miongoni mwa kurasa nzito zaidi katika historia ya michezo. Kati ya waliopimwa na kumaliza katika nafasi 50 za kwanza, asilimia 17 walikuwa na damu isiyo ya kawaida kwa kiwango cha juu. Kwa waliopata nishani, ilikuwa asilimia 50. Kwa walioshika nafasi ya 4 hadi ya 10, asilimia 33. Kwa waliomaliza katika nafasi ya 41 hadi 50, asilimia 3 tu. Kadiri ulivyopanda jukwaa, ndivyo damu ilivyozidi kutia shaka.

Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, lilijadili kama mahema na nyumba za hewa haba nazo zipigwe marufuku. Mwishoni halikuzipiga marufuku. Nadhani lilifanya haki. Mtu aliyelala katika hewa haba bado anaongozwa na figo zake mwenyewe, nazo zinajua mahali pa kusimama. Sindano haina breki hiyo, na damu iliyozidi kuwa nzito inaweza kuganda ndani ya mishipa na kuua. Mpaka kati ya mazoezi na hila umepita hapo: je, mwili bado unayo sauti juu ya kipimo?

Mguu uliokufa ganzi

Wakati Wamarekani na Waskandinavia walipokuwa wakihangaika na mwili mzima, Mjapani mmoja alikuwa amejiuliza kama upungufu unaweza kufungiwa katika kiungo kimoja.

Mwaka 1966 Yoshiaki Sato alikuwa na umri wa miaka 18, mpenzi wa kunyanyua vyuma. Katika ibada ya Kibudha ya kumbukumbu ya marehemu, alikaa muda mrefu amepiga magoti kwa adabu ya Kijapani, miguu imekunjwa chini yake, hadi ikafa ganzi. Alipoanza kuyakanda mashavu ya miguu alihisi yamejaa na kukaza, kama yanavyokuwa baada ya mazoezi mazito. Akajiuliza: je, ni damu iliyozuiwa inayoleta hali hii?

Kwa miaka iliyofuata alijifanyia majaribio mwenyewe, akijifunga mapaja na mikono kwa mipira ya baiskeli, kamba na mikanda, akibadilisha mahali pa kufunga na ukali wa kubana. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kuna wakati alizidisha hadi akalazwa hospitalini kwa mgando wa damu katika mapafu, na angeweza kufa. Mwaka 1973 aliumia kifundo cha mguu na goti akiteleza kwenye theluji. Akiwa amefungwa plasta, alivaa mikanda yake na kukaza misuli na kuilegeza kwa vipindi kila siku. Madaktari walipoufungua mguu, walitarajia kuukuta umenyauka, lakini haukuwa hivyo. Mwaka 1983 alianza kuufundisha umma njia yake, aliyoiita kaatsu.

Kwa muda mrefu hiyo ilibaki hadithi ya mtu mmoja na wateja wake. Ilianza kuwa sayansi pale Yudai Takarada na Naokata Ishii wa Chuo Kikuu cha Tokyo walipoipeleka maabara pamoja na Sato. Mwaka 2000 walichapisha jaribio la wiki 16 kwa wanawake watu wazima. Waliofanya mazoezi ya mkono kwa uzito mwepesi huku mkono umebanwa walinenepesha misuli yao kwa takriban asilimia 20, sawasawa na wenzao walionyanyua uzito wa karibu asilimia 80 ya uwezo wao wote bila kubanwa. Mwaka 2006 Takashi Abe na wenzake walionyesha jambo la kushangaza zaidi: kutembea tu huku mapaja yamebanwa, mara mbili kwa siku kwa wiki tatu, kuliongeza ukubwa na nguvu za misuli ya miguu.

Namna inavyofanya kazi sasa inaeleweka kwa sehemu kubwa. Mkanda hufungwa juu kabisa ya paja au mkono na kubana kiasi. Damu huendelea kuingia kwa shida kupitia ateri, lakini kutoka kupitia vena huwa vigumu. Misuli iliyo chini ya mkanda hufanya kazi ndani ya upungufu wa oksijeni, na takataka za kazi hiyo hurundikana. Nyuzi za misuli zinazotegemea oksijeni huchoka mapema, ndipo mwili unapolazimika kuita zile nyuzi nene za nguvu ambazo kwa kawaida huamshwa na mzigo mzito tu. Seli hujaa maji, na mitambo ya kutengeneza protini ndani yake huwashwa. Wakati fulani watafiti walidhani siri ni homoni ya ukuaji, ambayo katika jaribio moja la Takarada ilipanda karibu mara 290. Uchunguzi wa baadaye umeitilia shaka dhana hiyo, na macho yamerudi kwenye misuli yenyewe.

Mikondo miwili yakutana

Basi kulikuwa na njia mbili: kupunguza oksijeni katika hewa ya mwili mzima, au kupunguza damu inayofika kwenye kiungo kimoja. Je, misuli inatambua tofauti? Mwaka 2013 Apiwan Manimmanakorn, mtafiti kutoka Thailand aliyefanya kazi na wenzake wa New Zealand, alitoa jawabu kwa msaada wa wachezaji 30 wa netiboli. Wote walifanya mazoezi ya miguu kwa uzito mwepesi kwa wiki tano. Kumi walibanwa mapaja, kumi walipumua hewa yenye oksijeni kidogo, kumi walifanya mazoezi hayohayo bila upungufu wowote. Makundi yote mawili yaliyonyimwa yaliongeza nguvu na ukubwa wa misuli kuliko lile la tatu. Kwa misuli, upungufu ulikuwa upungufu, utoke kwenye pua au kwenye mkanda.

Stray-Gundersen naye aliona daraja hilo. Mtu aliyetumia miaka yake mingi kwenye kimo na damu aligeukia mikanda, akashiriki kuanzisha kampuni inayoitengeneza. Uamuzi huo unamfanya awe na maslahi ya biashara katika jambo analolisemea, na msomaji ana haki ya kulijua. Hata hivyo mwelekeo wake unaonyesha fani nzima ilikokuwa ikienda: kutoka kwa bingwa anayetafuta sekunde kwenda kwa mgonjwa anayetafuta kusimama.

Huko ndiko kwenye thamani kubwa ya kazi hii. Ushauri wa kawaida wa kujenga misuli humtaka mtu anyanyue angalau asilimia 60 hadi 70 ya uwezo wake. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti hawezi. Bibi mwenye baridi yabisi hawezi. Askari aliyevunjwa mguu na bomu hawezi. Ndiyo maana katika kituo cha Center for the Intrepid huko San Antonio, Texas, mtaalamu wa tiba ya viungo Johnny Owens alianza kutumia njia hii kwa majeruhi wa vita ambao miguu yao iliokolewa lakini misuli ikabaki imenyauka. Kwa mazoezi ya kubana damu, asilimia 20 hadi 40 ya uwezo inatosha. Yale maangamizi ya kitandani ambayo Saltin aliyapima Dallas mwaka 1966 yanaweza sasa kupunguzwa kwa mgonjwa asiyeweza kubeba mzigo.

Usalama wake umepimwa pia. Uchunguzi uliofanywa Japani na kuchapishwa 2006 ulihusisha watu zaidi ya 12,600. Michubuko ya damu chini ya ngozi iliwapata asilimia 13.1, ganzi asilimia 1.3, na mgando wa damu katika vena asilimia 0.055. Ni hatari ndogo, lakini ipo. Mwongozo uliotolewa 2019 na kundi la watafiti wa kimataifa wakiongozwa na Stephen Patterson unaeleza kwamba ukali wa kubana upimwe kwa kila mtu peke yake, kati ya asilimia 40 na 80 ya mgandamizo unaotosha kuizuia kabisa damu ya ateri. Utaratibu uliozoeleka ni kurudia zoezi mara 30, kisha mara 15 kwa vipindi vitatu, kwa mapumziko mafupi. Aliyewahi kupata mgando wa damu, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye selimundu na mjamzito wanahitaji kauli ya daktari kabla ya kuthubutu.

Ninayasisitiza haya kwa sababu vijana wetu wa gym wameshaanza kuona picha za mabingwa waliojifunga mikanda, na mpira wa baiskeli unapatikana kila mtaa. Sato aliutumia mpira huo akiwa hana mwalimu, na ulimfikisha kitandani hospitalini. Hakuna sababu ya mtu mwingine kurudia somo ambalo limeshalipiwa.

Tangu Bert alipojifungia ndani ya chumba chake cha chuma, kila hatua ya historia hii imerudi kwenye jambo lilelile. Oksijeni ileile ikipungua kupita kiasi iliwaua wawili wa Zénith, na ikipungua kwa kiasi ilimwongezea Viault damu. Mkanda uleule ulimlaza Sato, kisha ukauponya mguu wake. EPO ileile iliwaokoa wagonjwa wa figo na kuwachafua washindi. Kila mara kilichoamua ni kipimo, na uaminifu wa anayekisoma. Kwa hiyo hatua inayofuata kwetu ni kuwafundisha wataalamu wa tiba ya viungo katika hospitali zetu za mikoa na kaunti kupima na kusimamia mazoezi haya kwa wagonjwa wa mifupa, waliopooza na wazee. Vifaa vyake vikuu ni mkanda wa kujazwa upepo, kipimo cha mgandamizo na mtu anayejua kuvitumia. Ujuzi uliotafutwa kwa ajili ya kupunguza sekunde uwanjani utakuwa umetumika vyema zaidi siku utakapomwezesha mzee kuinuka kitini bila kushikwa mkono.